Hewa Yenye Majibu Mawili

Kakuma, 9 Machi 1997

Dada Nakeno,

Ejok, kama mnavyosalimiana kwenu. Nakuandikia nikiwa mzima, na ombi langu la kwanza ni kwamba nawe uwe mzima na goti la mama liwe limepoa. Hapa kambini tuko salama, ila vumbi na foleni ya maji havijaacha tabia zao. Malaria haijanirudia tangu wakati ule mama aliponilisha uji wodini Lodwar na kuwaambia manesi kwamba mimi ni mwanawe wa kumzaa, na wasimuulize urefu huu nimeutoa wapi. Nikikumbuka nacheka peke yangu, wanafunzi wangu wanadhani mwalimu ameshikwa na wazimu.

Sasa nina jambo zito. Unajua kwamba kabla vita havijanikatia njia nilikuwa Khartoum nasomea uhandisi, na ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu. Profesa aliyenifundisha, mzee Mwingereza, alirudi kwao zamani. Amenitafuta kupitia kanisa mpaka akanipata. Anasema katika chuo chake kuna nafasi ya mtu mmoja kumalizia masomo, naye angependa mtu huyo awe mimi, lakini wenzake wanauliza kama kijana aliyekaa kambini miaka yote hii bado ana kichwa. Kwa hiyo ametuma swali kwangu na kwa wengine wanaoitaka nafasi hiyo. Jibu linatakiwa kabla ya mwaka kwisha. Nikishindwa nitaendelea kufundisha hesabu za sehemu mpaka niote mvi. Sisemi ni kazi mbaya, lakini dada, mimi nilikuwa karibu kufika.

Swali lenyewe ni hili. Wanataka ndege ya abiria itakayokwenda mara mbili na nusu ya kasi ya sauti. Injini inahitaji hewa, lakini haiwezi kuila ikiingia kwa kasi hiyo, itapaliwa. Kwa hiyo mbele ya injini kuna mdomo, nyuma ya mdomo kuna koo jembamba, na kazi yao ni kuipokea hewa na kuituliza kabla haijafika tumboni. Profesa amenipa vipimo vya mdomo mmoja, akauliza: upepo wa kasi hiyo ukiukabili mdomo huu, hewa itafanya nini?

Zamani walijenga kwanza mdomo wa chuma, wakaupulizia upepo, ndipo wakajua. Siku hizi wanaweza kuitengeneza hewa ndani ya kompyuta kwa hesabu tupu, wakaiachia, wakaitazama. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa najifunza. Programu nimeiandika kwa mkono, iko ndani ya bahasha hii. Kompyuta sina. Wewe unayo ofisini. Umeshajua ninachoomba.

Ndugu yako mdogo,
Majak Lual


Lodwar, 20 Machi 1997

Mdogo wangu Majak,

Salamu zako zimefika, na zangu zipokee mara mbili. Mama ni mzima. Goti limepona kiasi cha kumfukuza mbuzi mmoja mwizi hadi kwa jirani na kurudi na maneno mengi. Anauliza kama umenenepa. Nimemwambia mwili wako ukipata chakula unakipeleka juu, haukipeleki pembeni.

Bahasha imeletwa na Akal dereva wa lori, ikinuka samaki mkavu kama shehena yake yote. Nimezisoma karatasi mwanzo hadi mwisho na sijaelewa hata mstari mmoja. Hilo si ajabu. Kutwa napiga chapa Kiingereza cha wakubwa, kingi sikielewi, na nina hakika hata wao hawakielewi. Lakini hii ni kazi ya mdogo wangu, siwezi kuipiga kama kipofu. Nieleze, na usinieleze kama profesa. Nieleze kama unavyoweza kumweleza mama.

Na nina swali, usikasirike. Wewe ulikimbia ndege. Pale wodini lori likinguruma nje ulikuwa unaingia chini ya kitanda na dripu yako mkononi. Leo unazitengenezea midomo? Sikukatazi, nataka kujua tu.

Habari ya mashine ni hivi. Jenereta ya ofisi inawashwa asubuhi na kuzimwa tukifunga. Saa ya chakula cha mchana wakubwa wote wanaenda nyumbani kulala, maana jua la Lodwar halijui cheo. Saa hiyo kompyuta inakaa bure. Bwana Namuar, mkubwa wetu, akinikuta nitasema nini? Hilo nitalijua nikishakutwa.

Dada yako,
Nakeno


Kakuma, 4 Aprili 1997

Dada mpenzi,

Mungu akupe afya wewe na mama kwa kunikubalia kabla hujaelewa. Mimi ni mzima.

Nianze na lile swali gumu. Ndege ya kwanza niliyoiona maishani ilileta chanjo, nikaikimbilia. Ya pili ilileta mabomu, nikaikimbia. Ya tatu ilidondosha magunia ya mtama, na siku hiyo sikujua miguu yangu inataka kwenda upande gani. Lakini zote tatu zilikuwa zinakula hewa hii hii. Nikiwa nimelala kifudifudi kwenye majani, hofu imenijaa, bado kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kinachouliza: chuma kizito vile, nani alikifundisha kushikiliwa na hewa? Sikuweza kukinyamazisha. Siku ile niliona aibu kwa ajili yake. Leo ndicho kitu pekee nilichotoka nacho nyumbani.

Sasa hewa. Wewe ukienda kwa jirani unapiga hodi. Wenye nyumba wanasikia, wanasogeza viti, wanakupa njia. Ndege ya kawaida nayo inapiga hodi, na hodi yake ni sauti. Sauti inatangulia, hewa ya mbele inapata habari, inajipanga na kupisha. Lakini ndege inayoishinda sauti inaingia nyumbani kabla hodi yake haijafika. Hewa haina habari, haijajipanga. Inakutwa ilivyo, inarundikana ghafla, inakuwa ukuta. Ukuta huo ni mwembamba kuliko karatasi hii. Upande huu hewa ni nyepesi na baridi, upande wa pili ni nzito na ya moto, na katikati hakuna kitu. Dada, hakuna aliyeujenga. Hewa imejijengea yenyewe kwa kukosa habari.

Ukuta huo mdomo ukiumeza na kuuweka nyuma ya koo, mambo ni mazuri. Hewa inafika tumboni imetulia. Mdomo ukiutema, ukuta unasimama nje mbele yake, hewa inamwagika pembeni, injini inakosa pumzi, na ndege inatikisika vibaya sana.

Na kompyuta inajuaje yote hayo? Haijui. Ndiyo maana nalala nikiwaza mpaka leo. Tunaukata mdomo ule katika vyumba vidogo vingi. Kila chumba tunakipa mwanzo wake: hewa kiasi fulani, yenye joto na kasi fulani. Kazi ya kila chumba ni kuangalia majirani zake tu: kimeingia nini, kimetoka nini. Kisha kinajirekebisha kidogo. Kisha tena, na tena. Hakuna chumba kinachojua habari ya ndege wala injini wala ukuta. Kinajua jirani. Na kutoka kwenye ujirani huo, ukiuacha uendelee kwa subira, ukuta unatokea mahali pake.

Kila siku programu itaweka hesabu kwenye diski, kesho yake iendelee pale ilipoachia. Usiizime ghafla, tafadhali.

Ndugu yako,
Majak


Lodwar, 17 Mei 1997

Mdogo wangu,

Tumeamka salama na tunakuombea vivyo hivyo. Mama anasema ile habari ya hodi ameielewa, na kwamba ndege ya namna hiyo haina adabu.

Mistari yako yote nimeipiga. Kisha kila mchana nikaiendesha. Mwanzoni nilikuwa naleta ugali wangu na kula nikitazama namba zikibadilika, kama mtu anayetazama maji yachemke. Wiki ya kwanza sikuona chochote. Namba zinapanda, zinashuka, zinahangaika. Nikasema huyu kijana amenipa kazi ya kichaa. Halafu juzi nikaona zimeanza kuchoka. Zikawa zinabadilika kidogo tu, kisha tarakimu za mwisho mwisho tu, kisha zikasimama. Nikachapa ile picha ambayo programu yako inaichora kwa alama za nyota, hewa nzito nyota nyingi, hewa nyepesi nyota chache. Majak, ukuta upo. Umejipinda mbele ya mdomo, upande mmoja karatasi nyeupe, upande wa pili nyota tupu. Nilipiga mistari hiyo yote na hakuna hata mmoja uliosema neno ukuta. Nilihisi nywele zinanisimama, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi kidogo.

Na Bwana Namuar amenikuta. Alirudi kuchukua miwani yake akaona namba zimejaa kwenye kioo. Rangi ikamtoka, alidhani nahesabu mifugo ya watu au chakula cha msaada kwa siri. Nikamweleza kwa Kiingereza, kisha nikaona haifai, nikamweleza kwa Kiturkana. Alivuta kiti. Alikaa pale hadi wenzake wakarudi kutoka kulala, na walipoingia akawaambia wasiguse mashine hiyo, inafikiri. Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza hewa imelalaje.

Picha iko humu. Nifurahishe na jibu la haraka.

Dada yako,
Nakeno


Kakuma, 2 Juni 1997

Dada Nakeno,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi niko.

Picha nimeipata. Umefanya kazi ya watu kumi na sina namna ya kukushukuru. Lakini ukuta uko nje. Ulitakiwa kumezwa. Nimerudia hesabu zangu kwa kalamu mara nyingi, na kwa mwanzo ule nilioupa, hewa hii ilipaswa kuingia mpaka nyuma ya koo bila taabu. Mdomo umeutema. Maana yake programu yangu ni mbovu na siwezi kuona ubovu uko wapi. Zamani ningeuona kabla chai haijapoa.

Nadhani wale wenzake profesa wameuliza swali la haki. Kichwa kinachokaa bila kazi kinakufa kama bustani, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Usijisumbue tena kwenye saa yako ya chakula. Ule na upumzike. Nitamwandikia profesa ampe nafasi mtu mwingine, nikipata nguvu ya kuiandika barua hiyo.

Majak


Lodwar, 25 Agosti 1997

We Majak,

Salamu nakupa kwa sababu mama yupo ananiangalia, si kwa sababu unastahili. Barua zangu mbili hukuzijibu. Akal ananiambia amekuona barabarani, mzima, mrefu vilevile, ukajifanya hukumwona. Tumelea mtu au tumelea ngamia?

Umenikasirisha. Hukuniambia kazi ile inaweza kuisha kwa wewe kununa. Bwana Namuar ananiuliza hewa imelalaje, na mimi nasema imelala tu, imelala moja kwa moja. Mama ameacha kutaja jina lako, na ukiona mama ameacha kutaja mtu ujue anamlilia.

Sasa basi. Kama ubovu upo, utafute. Barua za ofisi hii zikiwa na kosa sizitupi, nazisahihisha. Nimechapa programu nzima ilivyo kwenye mashine, mstari kwa mstari, nimekufungia humu. Iko kama ulivyoiandika, isipokuwa mahali pamoja ambapo nilikurekebishia, kama ninavyowarekebishia wakubwa wote hapa na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwenye ule mwanzo, ulikuwa umeandika hewa ya mdomoni kasi kubwa na hewa ya kooni kasi ndogo. Nikaona umepitiwa, maana hata mtoto wa Lodwar anajua upepo ukibanwa unakimbia. Kati ya ofisi yetu na stoo kuna kinjia chembamba, upepo wa pale umeshachukua kofia ya kila mkubwa aliyehamishiwa hapa. Kwa hiyo nikazibadilisha nafasi, ya mdomo nikaiweka kooni na ya koo nikaiweka mdomoni. Lingine lolote ni lako mwenyewe.

Jibu, ama nije mwenyewe na lori la samaki.

Dada yako bado,
Nakeno


Kakuma, 3 Septemba 1997

Dada yangu, dada yangu,

Mko wazima? Mama yuko? Mwambie anitaje tena, mwambie nipo. Nisamehewe kwanza, halafu soma.

Katika barua yako, nilipofika kwenye kile kinjia cha ofisi na stoo, nilisimama darasani katikati ya somo. Kwanza nilitaka kukukasirikia. Upepo wako ni wa kweli. Hewa ya kawaida ikibanwa inakimbia. Lakini hewa iliyoishinda sauti ina desturi ya kinyume: ukiibana inapunguza mwendo. Hewa hii hii tunayovuta, ikivuka mpaka ule wa sauti, inageuza sheria zake. Mimi nilijua hilo tangu chuoni, nikasahau kwamba ni ajabu, ndiyo maana sikukwambia. Kwa hiyo hasira ikaniishia, kosa tukaligawana.

Halafu nikaketi na kuisoma programu upya. Sikiliza. Wewe hukubadilisha mdomo. Hukubadilisha upepo unaokuja kutoka mbele. Hukubadilisha sheria ya ujirani. Ulibadilisha jinsi hewa ilivyokuwa wakati wa kuanza, basi, na mwanzo ule ulitakiwa usahaulike, kama maji ya mtoni yanavyosahau jiwe ulilotupa. Namba zako zilitulia. Zilisimama zenyewe, zikakaa. Mashine mbovu haitulii, dada, inaruka ovyo. Basi ule ukuta wa nje nao ni jibu. Na ukirudisha namba zangu mahali pake, ukuta ukamezwa, litakuwa jibu jingine. Mdomo mmoja, upepo mmoja, majibu mawili, na hewa inachagua kwa kukumbuka ilivyoanza.

Fikiria rubani aliye juu ya mawingu na watu mia nyuma yake. Vipimo vyake vyote viko sawa, na mdomo umeutema ukuta. Hawezi kujua kwa nini kwa kutazama jinsi mambo yalivyo sasa. Lazima ajue yalikotoka.

Rudisha namba zangu ulivyozikuta. Endesha tena mpaka zitulie. Barua ya kwenda kwa profesa nimeiweka humu, bahasha yake bado haijabandikwa. Kurasa zote mbili, nakala ya ukuta wa nje na hiyo mpya, zikiwa tayari uzitie ndani, uipeleke moja kwa moja bila kungoja mimi. Kama ukuta hautamezwa, basi nimeota ndoto kubwa, na nafasi imekwenda.

Ndugu yako aliyeamka,
Majak


Lodwar, 30 Oktoba 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Tuko wazima, ila tumelowa. Mvua iliyoanza mwezi huu hata wazee hawaijui. Mto Kawalase umejaa, Turkwel umepanda hadi kwenye mashamba, na barabara ya kwenu imekatika kwenye kila laga, yale makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu. Akal ameegesha lori, anauza samaki wake hapa hapa. Sijui barua hii utaisoma lini, lakini siwezi kukaa nayo kifuani.

Nimezirudisha namba zako. Nimeendesha kila mchana, paa linavuja, ndoo imewekwa kando ya mashine na Bwana Namuar ameishikia mwavuli kwa mikono yake. Safari hii sikula. Niliuona ukuta ukianza nje, karibu na pale pa zamani, moyo ukanishuka. Kesho yake umesogea. Kesho yake uko mlangoni. Halafu ukaingia. Majak, niliuona ukiingia, ukapita koo, ukaenda ukasimama nyuma yake ukatulia. Bwana Namuar alivua kofia. Mimi nilijikuta natoa machozi na sikuona haya.

Nilizilaza kurasa mbili mezani, moja kando ya nyingine. Mwanzo niliamini ile hewa ni yako, kwamba wewe umeiandika. Sasa nimeelewa kwamba wewe na mimi hatukuandika chochote, tuliuliza tu, na kitu kikubwa kimetujibu kupitia mashine ambayo jana ilikuwa inachapa maombi ya likizo.

Gari hakuna, lakini ndege ndogo ya misheni imetua hapa kati ya mvua na mvua, inarudi Nairobi. Nimempa rubani bahasha ya profesa mkononi mwake. Nimemwambia humo ndani mna hewa, aishike vizuri.

Dada yako,
Nakeno


Kakuma, 8 Februari 1998

Dada,

Mungu ni mwema, tumevuka. Mimi ni mzima. Mto Tarach ulibeba nyumba nyingi, darasa langu limebaki ukuta mmoja, lakini watoto wako. Ninyi je? Barua yako ya Oktoba imenifikia wiki hii, imelowa na kukauka, na siku hiyo hiyo imefika ya profesa. Miezi yote hiyo sikujua kama ukuta umeingia wala kama bahasha imeondoka. Mwisho wa mwaka ulipopita nilijiambia imekwisha, nikaenda kusaidia watu kufukua mabati kwenye matope.

Niliisoma yako kwanza. Nilipofika mahali ukuta unaingia ilibidi niiweke chini.

Profesa anasema kurasa zilimfikia kwa wakati. Wenzake hawajakubali. Wanasema waombaji wengine wote, wenye kompyuta kubwa, wameleta jibu moja safi: ukuta utamezwa. Huyu wa kambini ameleta mawili yanayopingana, kwa hiyo hajui anachosema. Profesa mwenyewe haniambii anaamini nini. Anasema mabishano hayana haja, hewa ipo, iulizwe. Ameagiza mdomo ule uundwe kwa chuma na kuwekwa ndani ya handaki la upepo, bomba kubwa la kupulizia hewa kwa kasi ile, mbele yao wote. Wataianzisha hewa kwa njia mbili kama tulivyoianzisha sisi. Ukuta wa nje ukisimama, nafasi ni yangu. Usiposimama, ni ya mwingine.

Ninafundisha asubuhi. Mchana natembea.

Ndugu yako,
Majak


Kakuma, 19 Juni 1998

Dada Nakeno,

Salamu kwako, kwa mama, kwa Bwana Namuar na mwavuli wake. Mimi ni mzima wa mwili.

Hewa imeulizwa. Profesa amenitumia picha mbili zilizopigwa kupitia kioo cha handaki, kwa taa ya namna yao inayofanya hewa ionekane. Katika moja ukuta uko nyuma ya koo. Katika nyingine uko nje, umejipinda mbele ya mdomo. Nimeweka ukurasa wako juu ya picha na kuinyanyua kwenye jua. Dada, mstari umelala juu ya nyota. Hewa ya Uingereza, isiyojua kama kuna mji unaitwa Lodwar, imesimama mahali ulipoiambia isimame. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, na sikuwa naomba kitu.

Nafasi ni yangu. Karatasi za safari ziko tayari, mwezi ujao natakiwa kuondoka.

Lakini siwezi kukuficha kilicho moyoni. Profesa ameandika waziwazi kwamba swali lilikuwa mtego. Alichagua kwa makusudi mdomo wenye majibu mawili, na ukurasa wa ukuta uliomezwa kila mtu aliuleta. Kilichonipa nafasi ni ukurasa wa ukuta wa nje. Ukurasa huo si wangu. Peke yangu ningeleta jibu moja kama wenzangu na ningebaki hapa. Naenda kukaa kwenye kiti ulichokishinda wewe, na kila nikifungua sanduku nipange nguo nalifunga tena. Nimeanza kumwandikia profesa kwamba sitakuja. Nimesimama katikati ya barua, nikaona nikuulize kwanza.

Picha ya ukuta wa nje nimekuwekea humu. Ni yako.

Ndugu yako,
Majak


Lodwar, 24 Juni 1998

Majak, mwana wa mama yangu,

Mama anakusalimu, na safari hii salamu zake ni amri. Picha imefika. Nilimpa aishike. Alifikiri ni mvua inayoonekana kwa mbali, nikamwambia ni hewa. Akapitisha kidole juu ya ule mstari polepole, akaniuliza kama ukuta huo uko hapa pia, hapa uani kwetu. Nikamwambia uko popote penye hewa, ila hakuna aliyepita hapa kwa mwendo wa kuutokeza. Kisha akaangalia juu, na mimi nikaangalia juu, na hapakuwa na kitu, Majak, anga tupu ya mchana, tukakaa tunaitazama.

Bwana Namuar ameomba picha ibandikwe ofisini. Nimemkatalia. Anaruhusiwa kuja kuiona nyumbani.

Sasa habari ya kiti. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali pa kukuonea huruma, sijapaona. Unasema ukurasa ule ni wangu. Sikatai. Namba nilizibadilisha mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa nimekosea. Ukuta ulisimama mbele ya macho yangu toka mwezi wa tano, nikaona picha nzuri. Bwana Namuar aliuona, akaona maajabu. Wewe uliuona ukaugua, kisha ukaamka ukasema hili nalo ni jibu. Kukosea kulikuwa kwangu, na ningekosea hivyo hivyo miaka mia bila faida. Aliyejua kwamba kosa langu ni kweli ni wewe. Hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta, na kimo kichwani mwako, na kichwa hicho hakikufa.

Ile barua uliyoanza kumwandikia profesa, ichane leo. Akal anaondoka Kakuma Jumanne na msafara, nimeshazungumza naye, kiti cha mbele ni chako hadi Lodwar. Utalala kwetu, utakula, mama atakufunga shanga mkononi na utaziacha hapo hapo hata Wazungu wakikuuliza. Kisha utapanda basi la Kitale, na mimi nitalia baada ya basi kuondoka, si kabla.

Usinijibu barua hii. Njoo.

Dada yako,
Nakeno